Kutembea Gand Bila Kuuliza Njia

Kwa muda mrefu niliamini, kwa moyo wote na akili zangu zikiwa timamu, kwamba Ulaya mgeni ana haki ya kuuliza njia mara mbili tu. Akiuliza mara ya tatu, polisi wanamshika mkono kwa adabu, wanampandisha ndege na kumrudisha kwao, hata kama chakula chake bado kinatoa moshi mezani. Habari hiyo sikuiokota barabarani. Nilipewa na Banza, fundi cherehani wa sokoni hapa Kamina, ambaye shemeji yake aliwahi kuishi kule na kweli alirudishwa. Banza aliniambia akiwa amepiga magoti mbele yangu, pini mdomoni, ananipima mguu wa suruali. Niliona mtu anayekupima suruali hana sababu ya kukudanganya.

"Kule bantu beko na mashini," alisema. "Kila ukiuliza njia, banaandika. Moja. Mbili. Ya tatu, kwisha, unarudi Kamina."

"Na kama minyi napotea kweli?"

"Unapotea kimya," alisema Banza, akachoma pini nyingine.

Suti ile ilikuwa ya harusi. Mado, binti wa dada yangu mkubwa Mujinga, alikuwa anaolewa Gand, mji wa zamani sana wa Ubelgiji, ambako yaya Mujinga, maana sisi dada mkubwa tunamwita yaya, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mado alikulia kule. Kamina yetu ya Congo anaijua kwa picha. Lakini katika familia yetu bibi arusi havuki mlango wa ndoa kabla mjomba wake hajamshika mkono na kumtajia majina ya waliomtangulia, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kusikika. Mjomba huyo ni mimi, na mwingine hayupo.

Siku ya kuagana, mama yangu alinishika kola.

"Ilunga, minyi siwezi kufika kule, miguu imekataa," alisema. "Weye njo mukono yangu ya kumushika Mado. Ukimuacha ule mutoto aingie peke yake, hapana kunisalimia ukirudi."

Basi mnauona mzigo niliokuwa nao: majina ya ukoo mzima kichwani, na maswali mawili tu mfukoni.

Jumatatu asubuhi, stesheni ya Kamina. Mimi ni karani wa ghala la mizigo, stesheni ni nyumbani kwangu, na waliokuja kunisindikiza walitosha kujaza behewa jingine. Tena ni mhitimu wa shule ya jioni, wengi wenu mnakumbuka. Nilisoma nikiwa baba wa watoto, kwenye benchi dogo hata magoti yakawa yanagusa masikio, nikatoka pale na Kifaransa kirefu, chenye viungo vyote. Nilijisemea kwamba mtu mwenye Kifaransa cha namna hii, hata swali moja linamtosha kuzunguka dunia.

Kabondo-Dianda, gari ya moshi ikachoka. Mnaijua ile desturi yake: inasimama, mafundi wanashuka, wanaitazama, wanatazamana. Abiria nasi tukashuka, makaa yakawashwa kando ya reli, sufuria za bukari, ugali wetu, zikapanda. Mama mmoja wa Mulongo aliyekuwa na vikapu vya samaki wa kukaushwa aliniuliza safari yangu.

"Ninaenda Ulaya," nikamjibu.

"Na hii gari?"

"Mpaka Lubumbashi, mama. Kisha ndege."

"Ah," alisema, akakitazama kichwa cha gari ya moshi. "Basi ununue samaki mingi. Utafika kule uko na mvi."

Nikanunua kikapu. Kisha nikamuuliza mwanaume mmoja aliyekuwa analima karibu wapi ningepata maji safi. Yule ndugu akaacha jembe, akanitangulia hadi kisimani, njiani akaniuliza habari za mama yangu, za watoto, za wafanyakazi wote wa reli, akanirudisha mpaka mlangoni pa behewa langu. Hivyo ndivyo kwetu: anayekuonyesha njia anatembea nawe. Nilimshukuru, na nikamhurumia kidogo. Ulaya, niliwaza, wangekuwa wameshatuandika wote wawili.

Lubumbashi nililala kwa binamu, na ndege ikanibeba. Juu ya ndege sitasema mengi, maana nilifumba macho tangu inapaa hadi inatua, nikifungua tu wakati wa chakula. Uwanjani, yaya Mujinga alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka, akanusa kikapu, akaanza kulia.

"Samaki ya Lualaba," alisema. "Ilunga, weye ni muntu mubaya, unanilizisha mbele ya bazungu."

Gand, siku ya kwanza. Nitauelezaje mji ule? Nyumba zake zimesimama kwenye ukingo wa maji, zimebanana bega kwa bega, nyembamba, paa zao zimekatwa ngazi ngazi kama mtu angetaka kupanda mpaka mbinguni. Barabara ni za mawe yaliyopangwa moja moja, na kila jiwe lina mawazo yake. Viatu vyangu vipya vililia kuanzia asubuhi. Kuna ngome ya mawe katikati ya mji, na watu wanapita mbele yake na mikate yao kama vile ni kibanda cha sigara. Na baiskeli. Kamina tuna baiskeli nyingi, lakini zetu zinabeba makaa na zinakwenda pole. Zile zinabeba maprofesa na zinakuja kama risasi, kimya, na mtu anakupigia kengele ukiwa tayari umeshaonana na babu zako.

Juu ya yote kuna minara mitatu mirefu, imejipanga mmoja nyuma ya mwingine kama watu kwenye mstari wa bomba. Mnara wa kati una joka la dhahabu kileleni.

"Ukipotea, tafuta joka," dada aliniambia. "Meri, nyumba ya serikali ya mji, iko nyuma yake. Pale njo banamuozesha Mado. Na usipoliona, uliza tu bantu."

Sikumbishia. Dada ana karatasi za kuishi kule. Yeye anaweza kuuliza hadi jua lizame. Na mambo ya Banza sikumwambia, nisije nikamtia wasiwasi kabla ya harusi.

Siku ya pili nilitoka peke yangu kujizoeza, nikapoteza swali la kwanza kijinga kabisa. Nilisimama kwenye daraja, nikamwona mzee mwenye kofia na fimbo, mtu aliyeonekana amezaliwa na daraja lenyewe. Nikavua kofia, nikamsalimia, nikamwuliza hali ya nyumbani kwake, nikajitaja jina na mji wangu, na mwisho nikauliza kwa heshima njia ya kwenda kwenye tramu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mikono. Naye alikuwa mgeni, ametoka Ufaransa, na alikuwa akimtafuta mke wake.

Usiku kucha nilijitetea kichwani kwamba swali lililoulizwa kwa mgeni mwenzako haliwezi kuhesabiwa. Lakini sikuwa na uhakika jinsi mashini inavyofikiri.

Asubuhi ya harusi, dada na Mado waliondoka mapema kwenda kutengenezwa nywele. Gari ndogo waliyoazima ilijaa gauni; gauni lenyewe lilikaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda, na kwangu haikubaki nafasi hata ya goti. Dada alinionyesha dirishani kituo cha tramu mbele ya nyumba.

"Unapanda hapa, unashuka pale joka iko," alisema. "Saa tano kamili banaingia. Bantu ya meri habangojake. Umesikia?"

"Yaya, minyi ni muntu ya reli."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mtu wa reli ya Kamina anajua kwamba gari ni moja na reli ni moja: inakwenda, kisha inarudi yenyewe. Wapi tumewahi kuchagua upande wa barabara? Tramu ilikuja upande niliosimama, nikapanda, nikakaa karibu na dirisha na suti yangu ya Banza, nikatabasamu. Nyumba zikaanza kuwa mpya badala ya kuzeeka. Bustani zikaja. Nilipoona ng'ombe, nikajua mambo si mazuri.

Mwisho wa njia, dereva akashuka, akatembea hadi kichwa cha pili cha tramu, akaingia huko. Abiria wote walikuwa wameshuka isipokuwa mimi. Alinitazama. Nikayatazama mawingu, kama mtu aliyelipa ili kuja kuyaona mawingu yale tu. Akaiondoa tramu, tukarudi.

Karibu na mji wa zamani nikaliona joka, kati ya paa mbili, linang'aa. Furaha ilinishika hata nikashuka palepale bila kungoja kituo changu. Hapo joka likapotea. Barabara za Gand zimejengwa na watu wasiopenda kunyoosha kitu; unaingia ukielekea mnara, zinakupinda kidogo kidogo, unatoka ukiyatazama maji. Nikavuka daraja, joka likatokea nyuma yangu. Nikageuka, likajificha nyuma ya kanisa. Jasho lilinitoka la kujaza ndoo, na mimi ni mtu wa uwanda, Kamina ni tambarare, mtu wa kufika kesho unamwona leo. Kengele za mnara zikaanza kuimba, na saa ya mkononi ikaniambia kwamba saa tano haikuwa mbali.

Nilimwaza mama yangu. Nikaamua kutumia swali la pili.

Alikuwa mwanamke wa umri wa kati, anasukuma baiskeli, kikapu kimejaa mboga. Nilivua kofia na safari hii nikafupisha habari za nyumbani. Nikamwomba njia ya meri. Akanisikiliza, akanyoosha mkono mbele, akaongea maneno machache kwa Kifaransa chenye mawe ndani yake, na akaanza kutembea kuelekea kulekule alikonyoosha.

Nikashukuru Mungu. Yule ndugu wa Kabondo-Dianda ana dada yake hapa, nilijisemea, na nikamfuata. Alipokata kushoto nilikata kushoto. Aliponiangalia nyuma nilimtabasamia nimtie moyo. Alipoongeza mwendo nikaongeza pia, nikawaza: huyu mama ni mwema, ameelewa kwamba nimechelewa. Tulitembea hivyo, karibu tunakimbia, hadi mlango wa kijani. Pale akasimamisha baiskeli, akageuka, ufunguo mkononi.

"Bwana," alisema, "kwa nini unanifuata mpaka kwangu?"

Niliitazama ile nyumba. Ilikuwa na mapazia madogo na paka dirishani. Haikuwa meri.

Wasomaji wangu, dunia ilisimama. Kama ningeomba radhi na kuondoka, maswali yangu yangebaki mawili, ningezunguka salama hadi jioni, na Mado angeingia peke yake. Kama ningeuliza tena, nilijua ndege inaningoja. Niliwaona polisi, niliiona sahani yangu ya harusi inabaki na moshi wake. Kisha nikauona mkono wa mama kwenye kola yangu. Nikaona ni heri nirudishwe Kamina nikiwa nimeshamshika mkono yule mtoto.

Nikatoa mikono mifukoni ili aione yote miwili.

"Mama," nikasema, "kwetu anayekuonyesha njia anatembea nawe. Nilidhani unanisindikiza. Mpwa wangu anaolewa saa tano, mimi ndiye mjomba, bila mimi haingii. Ninauliza kwa mara ya tatu, na ninajua ninachofanya. Meri iko wapi?"

Aliitazama suti, akatazama viatu, akatazama saa yake. Akafungua mlango, akaisukuma baiskeli ndani pamoja na mboga zake, akafunga.

"Mimi ni Lieve," alisema. "Njoo, tutapita nyuma ya kanisa. Unaweza kukimbia?"

Tulikimbia. Alinipitisha vichochoro ambavyo hata panya anapita kwa upande. Kwenye uwanja mbele ya meri walisimama polisi wawili, mwanaume na mwanamke, na Lieve akaenda moja kwa moja kwao. Kumbe ndivyo wanavyofanya, niliwaza: kwa adabu. Akawaambia kitu kwa lugha yao, Kiholanzi. Polisi wakanitazama, mmoja akacheka, akanyoosha kidole kwenye ngazi za mawe upande wa pili.

Pale juu alisimama Mado, gauni jeupe, mgongo wake umeegemea mlango. Watu walikuwa wanamsihi aingie. Dada aliniona wa kwanza.

"Weye," alisema, na kwa neno lile moja alinichapa toka utoto hadi leo. "Muntu ya reli. Ulirudi Congo, ukapitia Kongolo?"

"Yaya, utanipiga kisha. Nipe mutoto kwanza."

Nilimshika Mado mkono. Ulikuwa baridi kama chuma cha reli asubuhi. Nikaanza majina: la mama yangu, la mama yake, la yule aliyevuka mto Lualaba na mtoto mgongoni, na kuendelea hadi yale ambayo hata sisi hatukumbuki tena yalikuwa ya nani, tunayabeba tu. Kamina ninaimba kwaya ya Wamethodisti, na sauti ya namna hiyo haijui kunong'ona. Watalii walishusha kamera zao. Nilipomaliza, Mado hakusogea.

"Mujomba, rudia ya yule wa mto," aliniambia polepole, kwa Kiswahili chake kinachochechemea. "Nataka kuishika."

Nikarudia. Akalisema nyuma yangu, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Ndipo tukaingia, mkono kwa mkono, na mama wa meri, mfungisha ndoa, ambaye walisema hangoji, alikuwa amengoja akijifuta macho kwa karatasi zake.

Jioni kwenye sherehe Lieve alikaa kati yangu na dada. Alikula bukari kwa vidole na samaki wa Lualaba mpaka kichwa, akauliza kama tuna mwingine. Nilikula haraka, kwa sababu mnazozijua.

Lakini hakuna aliyekuja kunichukua, siku ile wala iliyofuata. Nikajiambia kwamba wale polisi wawili walinihurumia, na nikakaa tayari: kila nikitoka nyumbani nilibeba pasipoti na mswaki. Lieve alinifundisha mji wake. Kabla ya kupanda tramu, soma maandishi kwenye paji lake, ndiyo yanasema inakoelekea. Minara mitatu ikionekana mmoja tu, uko kwenye mstari wake. Ikiachana, umetoka pembeni. Na mtu wa Gand akinyoosha mkono, ameshamaliza kukuonyesha, usimfuate. Nikamwambia kwamba hilo la mwisho ni huzuni kubwa. Akafikiri kidogo, akasema labda ni kweli. Siku moja tukiwa pamoja darajani, wageni wawili walimwuliza njia ya ngome. Alinyoosha mkono, kisha akanitazama, akashusha mkono, tukawapeleka mpaka mlangoni.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Uwanjani, afisa wa pasipoti alitazama mashini yake muda mrefu, nami nilijua kila kitu changu kiko mle. Akapiga muhuri tu, akanitakia safari njema. Nikaona Ubelgiji ni nchi yenye msamaha.

Kamina, mama alikuwa amekaa mlangoni. Hakunyoosha mkono.

"Ulimushika?" aliuliza.

Nikamwonyesha video kwenye simu: Mado ngazini, kinywa wazi, analisema jina la yule wa mto. Mama hasikii vizuri, kwa hiyo tuliisikiliza tena na tena, mpaka majirani nao wakalijua. Ndipo akanisalimia, kwa mikono yote miwili.

Kesho yake nilipeleka suti kwa Banza, maana mbio zile ziliipasua kwenye goti. Nilimsimulia yote niliyowasimulia ninyi, swali kwa swali, na jinsi Wabelgiji walivyonisamehe la tatu na mengine baadaye. Akaacha kushona. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka kwenye meza.

"Ilunga, ile nilisema tu juu ya weye usitikisike nikipima," alisema. "Mashini haiko. Shemeji balimurudisha juu ya visa yake kuisha. Alizunguka akitafuta ofisi ya kuiongeza siku, akapotea, na hakuulizaka muntu hata mumoja. Kule ni kama hapa: ukipotea, unauliza."